Programu ya Bekapu Ipimwe kwa Siku ya Kurudisha

Ukitafuta programu ya kunakili diski nzima ya kompyuta, utakuta karibu zote zinajisifia jambo moja: jinsi zinavyonakili. Hii inadai ina kasi, ile inabana nakala ikawa ndogo, nyingine inamaliza kazi kwa kubofya mara moja. Sifa hizo hazigusi kabisa siku ambayo mwenye kompyuta ataihitaji nakala yenyewe, yaani siku diski imekufa, Windows haiwaki, pengine hata kompyuta imebadilishwa, na mwenye duka anasubiri hesabu za mauzo ya miaka mitatu. Hoja yangu ni kwamba programu ya bekapu ichaguliwe kwa kuanzia siku hiyo na kurudi nyuma. Ulizia kwanza inarudisha vipi, kwenye mashine gani, na kwa ruhusa ya nani. Ukianza hapo, baadhi ya programu zenye sura ya kuvutia zinaanguka mapema, na baadhi ya zile zenye sura mbaya zinapanda juu.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Kukloni ni kuhamisha kila kilichomo katika diski moja kwenda diski nyingine: Windows, programu, mipangilio, na zile sehemu zilizofichika zinazoiwezesha kompyuta kuwaka. Diski mpya inachomekwa mahali pa ile ya zamani na kazi inaendelea. Ni kuhama nyumba, ukishahama, umehama. Imeji ya diski ni kitu kingine. Hapo programu inachukua yaliyomo yote na kuyafunga katika faili moja kubwa, au mafaili kadhaa yaliyobanwa, yanayokaa kwenye diski ya nje pamoja na imeji za tarehe nyingine. Kloni inafaa siku ya kung'oa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, kazi ya kawaida kabisa kwa mafundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue wanaofufua laptopu zilizotumika kutoka Ulaya. Kwa bekapu, kloni ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Inakula diski nzima kwa nakala moja tu, na ukikloni tena juu ya kloni ya zamani, unafuta ulichokuwa nacho. Chukua mtu aliyegundua Jumatano kwamba faili lake la hesabu liliharibika Ijumaa iliyopita. Anahitaji nakala ya Alhamisi, na kloni aliyoipiga jana Jumanne imebeba uharibifu uleule kwa uaminifu mkubwa.

Wapo wanaosema hawahitaji kujisumbua mapema, kwa kuwa diski hutoa dalili: huanza kugonga, kompyuta inakuwa nzito, ndipo mtu anachukua nakala. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika vituo vyao. Walipoangalia vipimo vya SMART, ule utaratibu wa ndani ambao diski hujipimia afya yake, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha alama hata moja ya ugonjwa, ukiacha joto. Zilifanya kazi, kisha zikaacha. SSD haina kinachozunguka wala kinachogonga, kwa hiyo hata ule mlio wa onyo ambao wazee wa kazi huusikiliza haupo. Na diski iliyokwisha kutoa dalili si ya kukloniwa kwa programu ya kawaida, kwa sababu programu ya namna hiyo ikifika mahali pabovu hujaribu kusoma tena na tena, na kila jaribio linaweza kuimaliza diski. Kwa mgonjwa wa aina hiyo kuna ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Inaokoa kwanza sehemu zinazosomeka, inaandika ramani ya zilizokataa, kisha inarudi kuzishughulikia mwishoni. Ukiikatiza njiani, ramani hiyo inaiwezesha kuendelea ilipoishia. Hiyo ni kazi ya dharura, isichukuliwe kuwa ni bekapu.

Sasa turudi kwenye ruhusa, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi hawaangalii. Imeji ya diski kwa kawaida husomwa na programu iliyoitengeneza, au na jamaa zake wachache. Ukichagua programu, umechagua pia nani atakufungulia mlango siku ya shida. Norton Ghost iliwahi kuwa jina kubwa kuliko yote katika kazi hii. Ilianzia Auckland, New Zealand, katika kampuni ya Binary Research chini ya Murray Haszard; Symantec ikainunua mwaka 1998, na kwa miaka mingi mafundi walitamka Ghost walipotaka kusema kunakili diski. Aprili 2013 Symantec ikaacha kuiuza. Macrium Reflect ilichukua nafasi katika nyoyo za watumiaji wa nyumbani kwa sababu toleo lake la bure lilifanya kazi vizuri kuliko matoleo ya kulipia ya wengine. Mwanzoni mwa 2024 toleo hilo likaachwa bila marekebisho ya usalama. Acronis nayo ilihamia kwenye malipo ya mwaka. Hata chombo cha imeji kilichomo ndani ya Windows, kile ambacho hadi leo kina jina la Windows 7 kwenye dirisha lake, Microsoft ilikiweka mwaka 2017 kwenye orodha ya vitu isivyoviendeleza tena, na ikawashauri watu watumie programu za kampuni nyingine.

Sisemi kampuni hizo zimekosea. Programu hutengenezwa na watu wanaolipwa mishahara, na bure ya biashara huwa na mwisho. Ninachosema ni kwamba nakala yako inapaswa kuishi kuliko mpango wa biashara wa aliyekuuzia programu. Kabla ya kulipa, tafuta majibu mawili katika masharti ya leseni. Mwaka ukiisha na hukulipa tena, je, kurudisha imeji za zamani bado kunaruhusiwa? Na je, kurudisha kunahitaji kuingia kwenye akaunti kwa intaneti? Programu inayokubali kurudisha bila leseni hai na bila bando imekutendea haki. Isiyokubali inakukodisha mafaili yako mwenyewe.

Kwa kipimo hiki, Clonezilla inapata alama za juu, ingawa sura yake ni mbaya. Inatoka katika Kituo cha Taifa cha Kompyuta za Uwezo wa Juu nchini Taiwan, ni programu huria, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Haikai ndani ya Windows. Unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na diski yako inabaki imelala wakati inanakiliwa, jambo linaloondoa hatari ya faili kubadilika katikati ya kazi. Inasoma sehemu zenye data tu, hivyo diski ya GB 500 yenye GB 120 za mafaili haihitaji GB 500 za kuhifadhia. Skrini yake ni maandishi matupu. Inauliza kama unataka kunakili diski kwenda diski au diski kwenda kwenye imeji, halafu inaorodhesha diski kwa majina kama sda na sdb, pamoja na ukubwa na modeli ya kila moja. Hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Anayekloni akibadilisha diski ya kutoa na ya kupokea atakuwa amenakili diski mpya tupu juu ya diski yenye maisha yake yote, na programu itatekeleza bila kinyongo. Clonezilla inaomba uthibitisho kwa herufi y, na inauliza tena kabla ya kuandika. Tahadhari bora ni ya mkono: zisome modeli kwenye lebo za diski zenyewe kabla hujazichomeka, uziandike kwenye karatasi, na uchomoe kila diski isiyohusika.

Pingamizi la haki ni kwamba mtu wa kawaida hataiweza skrini kama hiyo. Ni kweli wengi wataikimbia, na programu ya bekapu inayokimbiwa haina faida. Ndiyo maana kuna Rescuezilla, ambayo pia ni huria na huwashwa kwa flashi, lakini ina madirisha na vitufe, na imeji zake zinasomeka na Clonezilla, na za Clonezilla zinasomeka nayo. Mpangilio huo una thamani kubwa: mradi mmoja ukifa, mwingine bado unaweza kufungua. Udhaifu wa kweli wa Clonezilla uko kwingine. Kwa mipangilio yake ya kawaida inataka diski ya kupokea iwe sawa na ya kutoa au kubwa zaidi, wakati hali iliyozoeleka madukani ni kinyume chake: laptopu ina diski ya kuzunguka ya TB 1, mteja ana pesa ya SSD ya GB 256. Itabidi upunguze kwanza kigawanyo cha diski ya zamani, kazi isiyo ngumu kwa fundi lakini yenye hatari kwa anayeianza leo.

Kwa hamahama ya namna hiyo, mara nyingi jibu lipo ndani ya boksi la SSD. Samsung hutoa programu yake ya kuhamishia data, ambayo inakubali diski mpya ya Samsung pekee. Crucial na Western Digital hutoa toleo maalumu la Acronis linalofanya kazi mradi diski yao imechomekwa. Zinapunguza ukubwa zenyewe na zinajua kupanga vigawanyo kwenye SSD. Kwa kloni ya mara moja huna haja ya kununua kitu kingine. Ukimaliza, zima kompyuta na uchomoe diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu Windows ikikuta diski mbili zenye saini moja inaweza kuiweka moja nje ya matumizi. Usiifute ile ya zamani kwa angalau wiki mbili. Na ukimwachia fundi, jua kwamba umemwachia picha zako, nyaraka zako na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kinachobaki ni bekapu ya kila siku, na hapo flashi pekee haitoshi. Hakuna mtu atakayezima kompyuta ya ofisi kila Ijumaa ili aiwashe kwa Clonezilla. Atafanya mara mbili kisha ataacha. Inahitajika programu inayofanya kazi yenyewe Windows ikiwa inatumika, ikitegemea huduma ya Windows inayogandisha picha ya diski kwa dakika moja maalumu, na inayochukua mabadiliko tu baada ya imeji ya kwanza. Clonezilla haina uwezo huo wa kuchukua mabadiliko. Veeam Agent, kutoka kampuni inayojulikana zaidi kwa bekapu za seva, ina toleo la bure linalofanya hivyo, linalotengeneza flashi ya uokoaji, na linalokuwezesha kutoa faili moja kutoka kwenye imeji bila kurudisha diski nzima. Uwezo huo wa mwisho ndio utakaoutumia mara nyingi. Diski kufa ni tukio la nadra ukilinganisha na mtu kuhifadhi barua mpya juu ya mkataba wa zamani.

Lakini ratiba ina hatari yake: hukufanya uamini. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo watengenezaji wa programu duniani huhifadhi kazi zao kwake, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kampuni ilikuwa na njia tano za bekapu na unakilishaji. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotegemewa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa kabla ya kuwafikia wahusika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu mmoja aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. GitLab walieleza yote hadharani, na maelezo yao ni ushahidi mzito kuliko tangazo lolote: watu wenye ujuzi, wenye fedha, wenye njia tano, na siku ya siku hawakuwa na moja ya uhakika. Kama hao hawakujua, kitufe cha kijani kwenye kompyuta ya duka kinachosema kazi imekamilika hakitoshi. Programu nzuri ina amri ya kukagua imeji baada ya kuiandika. Itumie, ingawa inaongeza muda.

Jambo jingine linalowashtua watu siku ya kurudisha ni diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Laptopu nyingi za sasa zenye Windows 11 hufungwa hivyo zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huenda hajui. Ukinakili diski hiyo kwa flashi, programu inaona data isiyosomeka, kwa hiyo inalazimika kunakili kila sehemu, iliyo tupu na yenye kitu, na imeji inakuwa kubwa kama diski. Ukinakili kutoka ndani ya Windows, hali inageuka: diski imeshafunguliwa, imeji inatoka ndogo na inasomeka, lakini sasa ile diski ya nje mfukoni mwako imebeba mambo yako yote bila kufuli. Weka nywila kwenye imeji. Na kabla ya lolote, tafuta namba ya ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, yenye tarakimu 48, uiandike mahali palipo nje ya kompyuta hiyo.

Wengine watasema yote haya yamepitwa na wakati, maana kuna hifadhi ya mtandaoni. Kwa nyaraka na picha chache, wana haki. Google inatoa GB 15 bure, na kwa barua na ripoti za kazi zinatosha miaka. Kwa diski nzima hesabu inakataa. GB 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde zinachukua karibu siku nne mfululizo, bila umeme kukatika na bila bando kuisha. Diski ya nje kwenye tundu la USB 3 inamaliza kwa chini ya saa moja. Kuna pia wanaosema inatosha kunakili mafaili muhimu kwenye flashi, Windows itapigwa upya. Hoja hiyo ni nzuri kwa mwanafunzi. Kwa duka lenye programu ya mauzo iliyosakinishwa na mtu ambaye simu yake haipatikani tena, leseni isiyojulikana iliko, na printa ya risiti iliyohangaikiwa wiki nzima, mafaili peke yake ni nusu ya hasara.

Na wapo watakaotafuta toleo la kulipia lililovunjwa leseni. Programu ya aina hii hupewa mamlaka ya juu kabisa kwenye kompyuta na husoma kila kitu kilichomo. Kumpa mamlaka hayo mtu asiyejulikana aliyeichezea programu, ili tu kukwepa malipo ambayo Clonezilla na Veeam hazidai, ni biashara isiyo na faida hata kwa anayefanya hesabu za senti.

Diski ya nje nayo isiishi imechomekwa. Mei 2017 virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili na kudai fidia, vilisambaa nchi nyingi kwa siku chache. Vilifunga hata yaliyokuwa kwenye diski zilizochomekwa, na vilifuta nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea. Diski mbili zinazopokezana, moja ikiwa daima nje ya kompyuta na ikiwezekana nje ya jengo, ni kinga ambayo hakuna programu inayoweza kuichukulia nafasi.

Uamuzi wangu, kwa kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo, ni huu: programu ya mtengenezaji wa SSD kwa kuhama, Veeam kwa ratiba, na flashi ya Rescuezilla droo moja na diski ya nje, ikiwa na imeji moja ya mwanzo isiyotegemea kampuni yoyote. Kama tayari unayo programu nyingine, usiitupe kabla ya kuijaribu. Wikendi hii washa kompyuta kwa flashi yake ya uokoaji, chomeka diski ya nje, fungua imeji, utoe faili moja unalolijua na ulisome mpaka mwisho. Flashi isipowaka, isipoiona diski, au ikikudai intaneti na akaunti kabla ya kufungua kilicho chako, tafuta programu nyingine sasa, wakati diski bado ni nzima.